Kasuku Anauma: Dalili, Chanzo na Namna ya Kurekebisha

Mama Neema, jirani yangu hapa Rau, Moshi, alibisha hodi siku hiyo kidole cha shahada kimefungwa kitambaa cha jikoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umefanyaje tena?"

"Chiku. Miaka minne namlisha kwa mkono huu huu, leo kautoboa. Baba Neema anasema ndege aondoke."

Nilimkaribisha chai, nikamwuliza mambo manne kabla ya kwenda kumwona ndege mwenyewe. Alikuwa amekaa wapi? Ilikuwa saa ngapi? Mkono ulikuwa unataka kufanya nini? Na baada ya kuuma, kilifuata nini? Hili la nne alichukua muda kulijibu. "Nilipiga kelele, nikamwacha huko huko juu ya kabati." Hapo palikuwa na nusu ya jibu. Chiku hakutaka kushuka kabatini, kauma, hakushushwa. Kesho atauma tena, na ataanza mapema zaidi.

Watu wa Moshi na Arusha wanaoniletea habari za kasuku wao huanza karibu wote na neno moja: kawa mkorofi. Naomba neno hilo tuliweke kando, kwa sababu linafunga macho. Kasuku anapouma kuna kitu anapata. Mkono unaondoka, au watu wanamkusanyikia, au mahali panapouma panaachwa kuguswa, au shimo alilolifanya kiota linabaki lake. Ukijua alichopata, umejua cha kurekebisha. Maelezo yafuatayo nimeyapanga kwa malalamiko kama yanavyonifikia.

"Anauma ghafla, hana dalili yoyote"

Dalili zipo, ila zinapita haraka na wengi wetu tunamtazama mdomo tu. Mtazame jicho. Kasuku wa kijivu aliyekomaa ana jicho la njano, na katikati yake mboni nyeusi. Akipandwa na hisia, mboni hubana na kupanuka, hubana na kupanuka, kama mtu anayewasha na kuzima tochi. Inaweza kuwa furaha, inaweza kuwa hasira. Kinachotofautisha ni mwili. Mkia ukitandazwa kama kipepeo cha mkono, manyoya ya shingo yakisimama, kichwa kikiinama mbele mdomo ukiwa wazi kidogo, mkono wako usiende. Wa kijivu pia hunguruma, sauti ya chini kabisa ya kooni, ambayo kwenye nyumba yenye redio huwezi kuisikia. Na kuna ndege ambaye hafanyi lolote kati ya hayo, hukauka tu, manyoya yamembana mwilini na shingo imerefuka. Huyo anaogopa, na hofu huuma vikali kuliko hasira.

Wapo ndege walioacha kabisa kuonya. Hawa ni wale walioonya mara nyingi bila kusikilizwa. Alirudi nyuma, mkono ukamfuata. Alinguruma, watu wakafurahi. Akauma, mkono ukaondoka. Amejifunza kwamba maneno yote ya mwanzo ni bure, basi anaanza na la mwisho. Dawa yake ni kuheshimu onyo dogo kabisa utakaloliona: akiinamisha kichwa kwa hasira, simamisha mkono hapo hapo, subiri atulie, kisha ondoka. Baada ya siku kadhaa maonyo yanarudi. Watu huniambia kwamba kufanya hivyo ni kumdekeza. Sivyo, unamrudishia njia ya kusema bila damu.

"Ananing'ata ninapomwambia apande"

Hapa wengi wanakosea tangu siku ya kwanza, na wanakosea kwa jambo lisilokuwa kosa la ndege. Kasuku hutumia mdomo kama mkono wa tatu. Kabla ya kuhamia tawi jipya hulishika kwanza kwa mdomo aone kama linabeba, kama mtu ashukaye mtelemko wenye utelezi anavyolijaribu jiwe kabla ya kulikanyaga. Ukimletea kidole, mdomo unatangulia. Wewe unashtuka, unavuta mkono. Kwake tawi limeyumba. Safari ijayo atalishika kwa nguvu zaidi lisitoroke. Na kama hakutaka kupanda tangu mwanzo, amegundua kwamba kugusa tu kwa mdomo kunafukuza mkono.

Mkono uende polepole, usiyumbe, upite chini kidogo ya kifua, juu ya miguu. Sema neno moja lile lile kila siku. Mimi husema "panda". Mdomo ukigusa bila kubana, tulia. Kama huwezi kutulia kwa sababu umeshaumwa na mwili unakumbuka, usijilazimishe. Tumia kijiti kinene cha mti, urefu wa mkono hadi kiwiko, apande hapo kwanza. Kijiti hakishtuki.

Glavu za ngozi sizipendi. Ndege anaona kitu kinene kisichofanana na mkono anaoujua, na ukivua glavu umerudi ulipoanzia.

"Tunduni anauma, nje ni mpole"

Hilo ni lango lake analilinda. Usiingize mkono kumtoa. Fungua mlango, msubiri atoke mwenyewe juu ya mlango au juu ya tundu, ndipo umwite apande. Maji na chakula badilisha akiwa nje. Kama tundu lina vibakuli vinavyotolewa kwa nje, tumia hivyo. Kama halina, fundi wa kuchomelea yeyote atakukatia kijimlango kidogo kando.

Angalia pia mahali tundu lilipo. Tundu lililo katikati ya sebule, watu wanapita pande zote, humfanya ndege awe mlinzi mchana kutwa. Lisogeze kwenye kona, pande mbili zikingwe na ukuta.

"Alikuwa mpole miaka yote, amebadilika ndani ya wiki chache"

Hili ndilo lalamiko ninalolipa uzito kuliko yote, na naomba usianze mafunzo yoyote kabla hujalimaliza. Ndege aliyebadilika ghafla huenda anaumwa. Kasuku huficha ugonjwa hadi anaposhindwa kuuficha, kwa sababu porini mnyonge ndiye anayeonwa na mwewe. Mara nyingi kuuma ni dalili ya kwanza mwenye nyumba kuiona, siku kadhaa kabla ya nyingine.

Mpime uzito. Mzani wa jikoni wa gramu unatosha. Weka kijiti juu yake, mpandishe, rudia kila asubuhi kabla hajala. Kasuku wa kijivu wengi huwa kati ya gramu 400 na 550. Kilicho muhimu ni uzito wake mwenyewe: akipungua sehemu moja ya kumi, usisubiri Jumatatu. Tazama kinyesi kama kimebadilika rangi au kimekuwa maji. Tazama kama analala mchana manyoya yamevimba, kama mkia unapanda na kushuka anapopumua, kama anakalia mguu mmoja tu kwa sababu mwingine unauma. Madaktari wengi wa mifugo kwetu kazi yao ya kila siku ni ng'ombe na kuku. Mwulize wazi kabla hujaenda kama amewahi kumtibu kasuku, na umpelekee namba za uzito ulizoandika. Namba hizo zitamsaidia kuliko maelezo marefu.

Chakula nacho ni chanzo. Ndege anayekula alizeti tupu mwaka mzima hukosa vitamini A, na wa kijivu hasa huishiwa kalsiamu, akawa anatetemeka au kuanguka kutoka kwenye kijiti chake. Mchicha, matembele, karoti na boga vinapatikana soko la Mbuyuni kila siku kwa bei ndogo. Ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa, linasaidia. Mtoe apate jua la asubuhi, na pawepo kivuli anachoweza kukimbilia. Karanga zenye ukungu zina sumu inayoharibu ini; ukinusa harufu ya uvundo kwenye mfuko, mwaga wote.

Na hapa lazima nisimame kidogo. Moshi na Arusha karibu kila ua una mparachichi, na tunamwonjesha ndege kila tunachokula. Parachichi linamuua kasuku. Lina sumu inayomwathiri moyo na mapafu, na kiasi kidogo kinatosha. Tunda, jani, kokwa, vyote viweke mbali naye. Vivyo hivyo kahawa, chokoleti, na kile kikombe cha mbege ambacho mgeni anadhani ni utani kumpa ndege. Moshi wa jiko la mkaa na wa sufuria zisizoshika chakula zikipata moto kupita kiasi pia unaua, huu wa pili ndani ya muda mfupi sana.

Kama mwili ni mzima, angalia manyoya. Anapobadilisha manyoya, vijiti vipya vinavyochomoza vina damu ndani na vinauma vikiguswa. Jirani alikuwa akimkuna Chiku kichwani kila jioni kwa miaka. Wiki ya manyoya mapya, mkuno ule ule ni maumivu. Mnyunyizie maji ya vuguvugu kidogo, mwache ajichambue mwenyewe, wiki chache zitapita.

Kisha angalia umri. Kasuku wa kijivu huanza kukomaa kati ya mwaka wa tatu na wa tano. Hapo anatafuta mwenza na mahali pa kutaga. Sanduku la viatu, droo iliyoachwa wazi, nafasi kati ya kabati na ukuta, nyuma ya mito ya kochi, vyote kwake ni shimo la mti. Akikipata atakilinda kwa mdomo. Nasi tunamchochea bila kujua: kumpapasa mgongoni, chini ya mbawa na karibu na mkia ni lugha ya mwenza wake. Mguse kichwa na shingo tu. Cherero, wale kasuku wadogo wenye shingo ya njano wanaoonekana Tarangire, na wale wa Fischer wa upande wa Serengeti, majike yao huwa wakali sana penye kiota. Ukimwona jike wa cherero anachana karatasi na kuibeba mdomoni kupeleka konani, jua msimu umefika na uondoe kona hiyo.

Tulipoenda kumwangalia Chiku nilipanda kiti nikachungulia juu ya kabati. Kulikuwa na boksi la friji lililokunjwa, na upande wake mmoja ulikuwa umetafunwa shimo la ukubwa wa ngumi. Mama Neema alikuwa hajaliona hata siku moja. Uzito wa Chiku ulikuwa sawa, kinyesi sawa. Tuliteremsha boksi siku hiyo hiyo, Chiku akiwa chumba kingine.

"Asubuhi hana neno, jioni ndipo anauma"

Usingizi. Kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na ndege huyu ametoka kwenye misitu ya ikweta ambako usiku una saa kumi na mbili. Anahitaji saa kumi hadi kumi na mbili za giza na ukimya. Ukiweka tundu sebuleni penye taa na tamthilia hadi saa tano za usiku, na saa kumi na moja alfajiri watoto wanaamshwa kwenda shule, amelala saa sita. Mtu mzima wa namna hiyo naye angekuwa mkali.

Saa moja jioni mhamishe chumba chenye giza, au funika tundu kwa kitenge chepesi ukiacha upande mmoja wazi hewa ipite. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ikiwa kali, hasa Arusha, mwondoe penye upepo wa dirisha. Nimewaona ndege watatu walioacha kuuma kwa kulala tu, bila fundisho lolote.

"Mimi haniumi, anauma wengine"

Kuna namna mbili na dawa zake ni tofauti. Ya kwanza: amekuchagua wewe kuwa mwenza, kila anayekusogelea ni mpinzani. Hapo wewe ndiye upunguze. Asikae begani kwako. Bega lina jicho, sikio na mdomo wako karibu, na huwezi kumsoma usiyemwona. Yule anayeumwa ndiye awe mtoaji wa kitu kitamu, wewe ukiwa chumba kingine. Ya pili: amemwona mgeni au mbwa dirishani, kapandwa na hasira, na kwa kuwa hawezi kumfikia anamuuma aliye karibu, hata wewe. Usimshike wakati huo. Mwache apoe.

Watoto wasimtolee kidole kupitia nyaya za tundu. Hilo halina mjadala, hata kwa ndege mpole.

"Nimempiga, nimempulizia, haachi"

Kumpiga mdomo kunaharibu kile unachojaribu kujenga, na mfupa wake ni mwepesi, utamvunja. Kumpigia kelele kwa wengine ni zawadi. Ndege wa makelele hupenda makelele. Kumfunika kitambaa ili kumwadhibu kunamfundisha kuogopa kitambaa, na jioni utakihitaji kwa usingizi. Kumnyima chakula ni ukatili na ni hatari kwa mwili mdogo hivyo. Kumkata manyoya ya mbawa ili atulie mara nyingi kunaongeza kuuma, maana ndege asiyeweza kuruka akimbie kabakiwa na mdomo tu.

Akiuma, usivute na usiseme. Sogeza mkono taratibu hadi sehemu ya karibu, kiti au meza, mshushe, geuka upande kwa nusu dakika hivi. Basi. Kisha jiulize ulikosa kuona nini sekunde tano kabla.

Mafunzo yenyewe

Chukua kijiti cha mshikaki, kata ncha yake kali. Ondoa alizeti kwenye bakuli lake la kila siku; kuanzia leo alizeti ni malipo, chakula kingine kiwepo kama kawaida. Ndege akiwa tunduni na wewe nje, sogeza kijiti karibu na nyaya. Atakidadisi, atakigusa kwa mdomo. Saa hiyo hiyo sema "ndiyo" na umpe alizeti moja. Ukichelewa hata sekunde tatu hajui amelipwa kwa lipi. Dakika tatu hadi tano, asubuhi na alasiri, uache akiwa bado anataka.

Akishakuwa anakifuata kijiti kushoto na kulia, mfundishe kukifuata nje ya tundu, juu ya meza, kuelekea kijiti kinene cha kupanda. Ndipo mkono wako uanze kuonekana: kwanza mbali, unalipa akiutazama kwa utulivu, kesho karibu zaidi. Akikauka au akirudi nyuma, umekwenda haraka, rudi hatua mbili. Kwa ndege aliyeumia na mikono hatua hii moja inaweza kuchukua miezi, na aliyekamatwa porini zaidi ya hapo. Kwa hao wa porini nasema wazi: usimnunue. Mwaka 2016, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, huko Johannesburg ulimweka kasuku wa kijivu kwenye orodha ya ulinzi wa juu kabisa, kwa sababu biashara ya ndege waliokamatwa ilikuwa inawamaliza. Anayekuuzia ndege asiye na karatasi anakuuzia hofu ya ndege huyo pamoja na kesi. Ulizia kibali kwa mamlaka ya wanyamapori kwanza.

Mpe pia cha kutafuna: kipande cha mti laini kisichopakwa rangi, gunzi kavu, kifuu cha nazi. Mdomo wenye kazi hautafuti mkono.

Ukishaumwa

Bana damu kwa kitambaa safi, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kadhaa. Jeraha likiwa na kina, au likiwa kwenye kiungo cha kidole, au likianza kuvimba na kupata joto, nenda hospitali, na uulize sindano ya pepopunda. Watu huniuliza kuhusu kichaa cha mbwa: ndege hawakienezi. Kuna ugonjwa mwingine wa kasuku unaopita kwa vumbi la kinyesi na kuleta homa na kikohozi kwa mtu. Ukiugua hivyo, mwambie daktari kwamba unafuga kasuku.

Kidole cha Mama Neema kilipona. Boksi lilipotoka, Chiku alizunguka juu ya kabati siku mbili akilitafuta, kisha akaacha. Wanamlaza saa moja jioni chumba cha nyuma. Kwa kijiti cha mshikaki alichukua siku nne kuelewa, na wiki ya tatu alishuka kabatini mwenyewe kuja kwenye kijiti kinene, kwa alizeti moja. Kwa Mama Neema sasa anapanda mkononi. Baba Neema bado anatumia kijiti, na jioni akirudi kazini yeye ndiye anayetoa alizeti ya mwisho kabla ya kitenge kushushwa.